Saa ya Mu-jin Kabla ya Ijumaa

Kwenye korido ya ghorofa ya tatu ya jengo la mafundi wa umeme, katikati ya Seul, kuna benchi lililobanwa kati ya mashine ya kahawa na kibanda cha Seon Mu-yeol, ambaye kila mtu humwita Waya. Mwisho wa benchi hilo hukaa Noh Tae-gyun. Alisoma sheria, akafanya mtihani wa uwakili mara saba na kuanguka mara saba, na sasa hutengeneza vikuza sauti. Wenzake humwita Jaji, naye hajawahi kukata rufaa dhidi ya jina hilo. Jumatano hiyo hakuna aliyeweza kutulia. Waya alikuwa amewasha pasi ya kulehemia, na gotini pake ilikuwapo saa janja ya marehemu mdogo wake, Mu-jin, msambaza vifurushi aliyekata roho kwenye ngazi za mteja. Mwajiri alidai kwamba marehemu alifanya kazi saa arobaini na nane kwa wiki. Waya aliamini kwamba zilizidi sabini, na kwamba hatua na mapigo ya moyo yaliyohifadhiwa ndani ya saa hiyo yangethibitisha hilo. Kamati ya fidia ingekaa Ijumaa, na mjane alikuwa akisubiri.

— Tuanze na yaliyo wazi, alisema Jaji. Ina uwezo gani?

— Gigabaiti nne za kuhifadhi, nusu gigabaiti ya kufanyia kazi. Waliacha kuitengeneza miaka sita iliyopita.

— Umejuaje?

— Imeandikwa kwenye boksi.

— Boksi ni maneno ya muuzaji. Endelea.

— Kampuni iliyoiunda imezima mitambo yake, simu haiitambui tena. Imebaki kuiruti tu, Jaji. Najipa mamlaka yote humo ndani, nachota kila faili.

— Kwa njia gani?

— Mgongoni ina vinundu vinne. Viwili vya chaji, viwili vya data. Nalehemu nyaya mbili, naiamuru ifungue kufuli.

— Amri hiyo si hufuta kila kitu?

Waya alijikuna shingo.

— Hufuta. Ndiyo maana natumia faili la jamaa mmoja wa mtandaoni. Linapenyea kwenye tundu la mfumo wa zamani, halifuti kitu.

— Jamaa huyo ana jina?

— Ana picha ya paka.

Mzee Ban, fundi wa zamani wa antena, aligeuza kikombe chake cha karatasi.

— Mnajitesa bure. Irudisheni tarehe nyuma miaka sita. Itadhani kampuni bado iko hai, itafunguka yenyewe.

— Iongee na nani, mzee? aliuliza Waya. Mitambo imezimwa.

— Mawimbi hayafi, kijana. Yako hapo juu ya paa, yanazunguka. Nipe antena ya mita tatu nikukamatie ya mwaka ule.

— Una miaka mingapi? aliuliza Jaji.

— Sitini na tisa.

— Yote umeimaliza hivyo?

— Chekeni tu, alisema Waya. Shemeji amenipigia mara nne leo.

Jaji alizipima njia zote. Kuing'oa chipu inayohifadhi data kwa joto kungeweza kuiua. Amri ingefuta. Paka hakuwa na jina, lakini pia hakuwa na shtaka.

— Katika hizi zote, faili ndilo lenye madhara madogo. Lehemu.

Waya aliinua pasi. Mwanamke aliyekuwa akijaza unga wa kahawa kwenye mashine, mgeni aliyeanza kazi wiki hiyo, alifunga mlango wa mashine taratibu.

— Samahani wajomba. Mkishapata hayo mamlaka yote, mtaweza kusoma tu, au na kuandika pia?

— Na kuandika, alijibu Waya kwa fahari. Chochote.

— Sasa hao wa kamati watajuaje kwamba saa sabini hamkuziandika nyinyi?

Mzee Ban alimtazama Waya, Waya akamtazama Jaji.

— Jaji, mjibu.

Swali hilo lilikuwa la Jaji. Alipaswa kuliuliza kabla ya boksi na kabla ya paka. Aliinama, akachomoa waya wa pasi ukutani.

— Nimwambie shemeji nini? aliuliza Waya, na saa bado imo kiganjani mwake.

— Sijui, alisema Jaji. Lakini usiiguse.