Etelvina Llaneza na Banda la Kuku

Ifikapo tarehe 30 Juni, Etelvina Llaneza Cueto atakuwa ametimiza miaka thelathini na mitatu katika jumba letu la opera hapa Oviedo, na siku hiyo hiyo atastaafu. Uongozi uliniomba mimi, Belarmino Quirós, mwimbaji wa besi katika kwaya, niandike jambo la kuchangamsha kwa ajili ya kijarida hiki. Nimejaribu. Anayetaka kuchangamka asubiri vitafunio baada ya hafla ya kumuaga.

Etelvina alizaliwa katika bonde la Turón, mtoto wa pekee wa mchimba makaa ya mawe. Alianza kuimba kwaya ya parokia, akasomea uimbaji Madrid, akarudi na sauti nzito ya kike ambayo waandishi wa magazeti waliifananisha na vitu vingi vya kipuuzi. Sisi tuliosimama nyuma yake jukwaani tuliiita sauti ya kutufukuzia usingizi. Aliimba Milano, akaimba Buenos Aires, akapigiwa makofi kote huko, na kila safari alirudi akilalamika kwamba wenzetu hawajui kupika maharage.

Baba yake, Mzee Avelino, hakukosa onyesho hata moja. Binti alimkatia tiketi za viti vya chini, karibu na wakubwa, naye akazikataa katakata.

"Huko chini watu wanakwenda kuonyeshana makoti," alisema. "Mimi nakuja kusikiliza."

Akapanda na wachimbaji wenzake hadi viti vya mwisho chini ya paa, ambavyo kila mtu hapa huviita banda la kuku. Ndiko wanakokaa wasikilizaji wakali kuliko wote. Kwetu, noti ikimpasukia mwimbaji kooni, tunasema ametoa jogoo. Na jogoo akiwika jukwaani, banda la kuku humjibu: hutetea kwa pamoja, ko-ko-ko, mpaka mwimbaji atamani ardhi immeze.

Etelvina alitoa jogoo wake wa kwanza katika mwaka wake wa pili hapa, akiigiza malkia mjane, kwenye ile noti ya juu ya kumlaani mwanawe. Kuku wote wakaanza kutetea, na baba yake akiwemo. Laudelino, rafiki wa baba yake tangu mgodini, akapaza sauti: "Binti, huyo jogoo unamuuza?"

Etelvina alisogea mpaka ukingo wa jukwaa akashika kiuno. "Namuuza, na kuku wa huko juu nawatia wote kwenye kapu!"

Wapiga filimbi walishindwa kupuliza kwa kicheko. Kisha akaomba muziki urudiwe, akaikamata ile noti, na banda zima likasimama. Tangu hapo alikuwa wao. Walimtetea kwa maana zote mbili za neno.

Mzee Avelino alikufa kwa vumbi la makaa mapafuni. Mgodi ukafungwa, na wenzake wakamfuata mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kila onyesho Etelvina alichungulia kwenye tundu la pazia, akavitazama viti vilivyobaki vitupu kule juu. Laudelino bado alizipanda ngazi zile, akitweta na kupumzika njiani.

Msimu huu Etelvina alipewa tena nafasi ya yule malkia mjane. Mazoezini koo lilianza kusita, na uongozi ukapendekeza noti ishushwe. "Mkishusha noti, shusheni na bei ya tiketi," akawajibu. Jogoo hakumtia hofu. Aliniambia mwenyewe tukiwa tunavaa: "Belarmino, wakitetea nitajua bado mimi ni mwimbaji."

Jumapili moja alasiri, onyesho likiendelea, ile noti ilipasuka, tena vibaya. Sisi wanakwaya tulikaza macho sakafuni tukisubiri kuku. Juu kimya. Muziki ulirudi kwenye maneno yale, naye akajaribu tena, ikapasuka tena. Kimya. Halafu wakapiga makofi, polepole, kwa adabu, kama anavyopigiwa mtoto aliyesahau shairi mbele ya wazazi. Nimeimba hapa karibu maisha yangu yote, na sijawahi kusikia kitu kilichoniuma kama makofi yale.

Tulipotoka tulimkuta Laudelino kwenye baa ya jirani, bilauri ya mvinyo wa tufaha mkononi, haijaguswa.

"Mzee Laudelino, umekuwa bubu?" Etelvina akamuuliza.

"Leo sikusikia vizuri, mwanangu. Masikio haya ya uzeeni."

"Umesikia."

Mzee akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Nimesikia. Nilitaka kutetea, haki ya Mungu. Mdomo ukanikatalia."

"Basi," akasema Etelvina. "Ukinihurumia wewe, imekwisha."

Akambusu kwenye paji la uso. Kesho yake alikwenda ofisini kuomba kustaafu.

Nilipaswa kutaja mafanikio. Yeye ndiye aliyegombana na wakurugenzi watatu mpaka vyumba vya kuvalia vya kwaya vikapata joto wakati wa baridi. Yeye ndiye aliyewafundisha kupumua nusu ya waimbaji wanaosimama hapa leo, na anayebisha ajaribu kupumua bila mafunzo yake. Onyesho la kuagwa amelikataa. Ameomba pia tusimwimbie siku ya hafla, nasi tumekubali, shingo upande. Dada yangu, anayekaa naye ghorofa moja, anasema tangu Jumapili ile hajamsikia akiimba hata akiosha vyombo. Redio ikipiga muziki, anaizima. Jambo hilo linanihuzunisha kuliko kustaafu kwenyewe.

Etelvina, tunakushukuru kwa sauti, kwa ukali na kwa vicheko. Sitakutakia mapumziko, kwa kuwa huyawezi. Tunakutakia asubuhi moja ujisahau mbele ya sufuria, uimbe kwa nguvu zako zote, sauti ipasuke inavyotaka kupasuka, na asiwepo hata mtu mmoja wa kukuhurumia.