Protus Shivachi: Miaka Thelathini na Mmoja ya Mawe na Magogo

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bwana Protus Shivachi atavua koti lake la kazi kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kituo chetu cha samaki wa mapambo hapa Kakamega. Alianza Agosti 1994, akichota maji kwa ndoo. Anastaafu akiwa fundi wa mimea ya majini, na watu wa Kisumu na Eldoret humpigia simu kabla hawajaokota hata kokoto.

Wageni wengi hudhani mimea ya tangi la kioo hupandwa mchangani kama sukuma wiki. Ipo inayopandwa, kweli. Lakini ile yenye majani mazito ya kijani kibichi ukiifukia shina linaoza. Hufungwa kwa uzi juu ya jiwe au gogo, ikajishikilia yenyewe kwa mizizi, na ikishashika haitaki kung'olewa tena. Kwa hiyo jiwe likimomonyoka au gogo likioza baada ya miezi sita, kazi yote imeharibika na mmea umejeruhiwa. Hapo ndipo Bwana Protus alipojenga jina lake.

Jiwe kwake lilikuwa na mtihani. Alilikwaruza kwa msumari, akaligonga kwa jiwe jingine huku ametega sikio, kisha akalidondoshea siki. Likitoa povu, nje! Jiwe la namna hiyo huyeyuka polepole na kubadilisha maji. Chupa ya siki haikutoka mfukoni mwake. Tukiwa matangani kule Kabras, alichutama pembeni ya boma akaanza kudondoshea mawe ya watu matone. Jamani! Wazee wa mji walimwita kando wakitaka kujua ni dawa gani hiyo anamwaga kwenye msiba wao. Ikabidi ainywe mbele yao, uso umemkunjamana, ndipo akapewa chai.

Kwa upande wa miti alikuwa mkali zaidi. Mparachichi hakutaka hata kuusikia, kwa sababu huwa sponji kabla ya mwaka kuisha. Alipenda kiini cha mpera mkavu. Alimenya ganda lote, akachemsha gogo kutwa nzima, akalizamisha kwenye pipa na kubadilisha maji kila wiki mpaka yaache kuwa na rangi ya turungi, chai isiyo na maziwa. Gogo ambalo halijazama lenyewe halikutoka pipani, hata mkurugenzi alie. Mkewe, Mama Muhonja, hutuambia kwamba nyumbani kwao Khayega mawe ni mengi kuliko viazi, na kwamba akistaafu atayahesabu yote upya.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika barua zake za pongezi. Mwaka 2011 tulikuwa tunafungua tangi kubwa la wanafunzi na zilibaki siku tisa tu. Magogo ya pipani hayakuwa tayari. Bwana Protus akang'oa nguzo moja ya ua wa zamani wa baba yake, iliyokaa ardhini miaka zaidi ya ishirini bila mchwa kuigusa. Aliichemsha, ikazama vizuri, akafungia mimea. Siku ya tatu samaki walipanda juu wakihema. Kufikia jioni wote walikuwa wamekufa.

Lawama ilimwangukia msafishaji, aliyekuwa amepangusa kioo siku iliyotangulia. Ikasemwa ameacha sabuni. Akaambiwa akae nyumbani, na barua ya kumfuta ingetiwa sahihi Ijumaa. Msafishaji huyo ni mimi, Lazarus Mukhwana, ninayeandika haya. Nilikuwa na mke, watoto watatu, na mmoja wao, binti yangu Khalayi, alikuwa darasa la pili. Nililia, sioni haya kusema.

Bwana Protus hakuamini habari ya sabuni. Alhamisi alikwenda kwa baba yake akamuuliza juu ya ule ua. Mzee akakumbuka vizuri. Kabla ya kuzisimika, nguzo zote alizipaka oili chafu ya gari, kama wafanyavyo wengi huku ili mchwa wasile. Mafuta hayo yalikuwa yamezama ndani ya mti, na maji ya tangi yakayatoa kidogo kidogo. Waliojua walikuwa wawili tu, yeye na baba yake. Na wakati huo jina la Bwana Protus lilikuwa limeshapitishwa kuwa mkuu wa kitengo, bado kutangazwa tu.

Ijumaa asubuhi aliingia mkutanoni na nguzo ya pili begani. Akaikata kwa msumeno mbele ya wote, akatumbukiza vipande kwenye ndoo ya maji moto. Utando wa mafuta ukaelea juu. Akasema kosa ni lake, alikuwa na haraka, na Lazarus arudishwe kazini. Nilirudi siku hiyohiyo. Yeye alipewa barua ya onyo, ukuu wa kitengo akapewa mwingine, na kwa miaka kumi na minne amefanya kazi chini ya watu aliowafundisha yeye mwenyewe kuchagua mawe. Sijawahi kumsikia akinung'unika.

Juzi alipopata habari kwamba ni mimi ninayeandika wasifu huu, alinishika mkono akaniomba niandike ya siki na ya mpera, ya nguzo niiache, kwa kuwa siku ya kuagana si ya kukumbushana aibu. Samahani, kaka. Nimekutii miaka yote, leo nimekataa. Khalayi sasa ni muuguzi kule Mukumu, na nyumbani kwangu kila mtoto anaijua habari hiyo. Hakuna hata mmoja anayeiita aibu.

Kituo kizima kinakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi pamoja na Mama Muhonja. Nami nakuambia neno ambalo miaka kumi na minne yote nimeshindwa kulitamka mbele yako: asante kwa kazi yangu.