Mafundo Mawili

Viti vilikuwa tele kwenye basi, lakini fundi viatu alichagua kukaa karibu na muuguzi aliyekuwa akifuatilia mnada wa mikoba kwenye simu. Mimi nilikuwa nyuma yao, na masikio sikuyaacha nyumbani.

"Dada, usipandishe dau kwa picha ya mbele tu," fundi alimwambia bila kuulizwa. "Omba uonyeshwe zipu, bitana na mshono wa mkanda."

"Nimeshaomba, kaka. Hizi hapa. Muuzaji anasema mkoba huu ni mpya, haujawahi kubebwa."

Fundi aliitazama simu, akatabasamu kama mzazi aliyemwona mwanawe. "Mpya? Mkanda huu nimeushona mimi mwezi jana! Mafundo mawili mwishoni, hakuna mwingine anayefunga hivi."

"Basi ni mwongo huyo. Najitoa."

"Ujitoe kwa nini? Mkanda huo hautakatika hata ubebe mawe!"

"Na sehemu nyingine je?"

"Hizo sikuzishona mimi."

Basi likasimama hospitali. Muuguzi akashuka akicheka, kidole bado kinasitasita juu ya simu. Nami nikaugeuza taratibu mkoba wangu mpya kabisa, nilioushinda mnadani wiki iliyopita, nikahesabu mafundo.

Mawili.