Aliyewasha Shikome Wanaume Walipokwenda Kwenye Mpira

Tunayemlaza leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, ni Mektilda Nyanjige Maduhu, ambaye mji wa Bariadi ulimwita Mayu, yaani Mama, hata watu waliomzidi umri. Ametuachia moto uwanjani kwake, na hadi jana haikujulikana nani ataukalia. Tutafika huko. Kwanza tufuate utaratibu, maana yeye hakupenda mtu aanze kula kabla hajanawa.

Alizaliwa Zagayu, sasa Wilaya ya Itilima, tarehe 3 Machi 1951, mtoto wa tano wa Mzee Maduhu Ng'habi na Mama Kabula. Wakati huo kila nyumba ilipika, na jioni wanaume na wavulana walikula kwenye shikome, ule moto wa uwanjani karibu na zizi. Wanawake na wasichana walikula pamoja upande wa pili. Mtoto ambaye kwao hakukupikwa alikula pia, na hakuna aliyemtambua, kwa sababu mikono ilikuwa mingi na bakuli moja. Siku hizi kila mtoto ana sahani yenye jina lake, na akilala njaa, analala na sahani yake.

Alisoma darasa la kwanza hadi la nne katika shule ya misheni, mwaka 1960 hadi 1963. Mwalimu alimrudisha nyumbani mara mbili kwa kosa la kuja darasani na mtoto mgongoni. Mara ya kwanza alikuwa mdogo wake. Mara ya pili alikuwa mtoto wa mwalimu mwenyewe, aliyemkuta analia barazani. Baba yake alikataa aendelee, akisema vitabu vingi vitamsahaulisha ng'ombe.

Tarehe 24 Julai 1971 alifunga ndoa na Constantine Selestini wa Maswa, fundi wa mashine za kuchambua pamba. Kati ya ng'ombe wa mahari alikuwemo mtamba mmoja mweusi ambaye kila akifikishwa Zagayu alitoroka, akarudi kwa Constantine. Kila alipotoroka, Nyanjige alijitolea kumrudisha, akakaa kwa mama yake siku tatu. Constantine aligundua baada ya mwaka mzima kwamba mkewe alikuwa anampa yule ng'ombe chumvi kila akirudi. Walipata watoto wawili, Deogratias na Elizabeth, wakalea wengine ambao hakuna aliyewaandika.

Huko Maswa marehemu aliwapikia wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha pamba hadi mwaka 1996. Kisha familia ilihamia pembezoni mwa Bariadi, ikalima pamba na mahindi. Constantine alifariki mwaka 2009. Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, walikuja watumishi, na watumishi walikuja na kuta. Na sisi wenyeji, ambao hatukuwa na cha kuibiwa, tukajenga za kwetu. Wanaume wakaacha kukaa nyumbani jioni. Wakaenda kwenye vibanda kutazama mpira wa watu wasiowajua.

Mwaka 2013 Nyanjige aliwasha shikome uwanjani kwake. Kaka yake Sylvester alisikia huko Zagayu, akapanda baiskeli kuja kumkanya.

"Nyanjige, shikome ni ya wanaume. Mwanamke hawashi."

"Wanaume wako wapi?"

"Wako kwenye mpira."

"Basi mpira ukiisha waambie moto upo. Nawa mikono, kaka."

Sylvester alikula akiwa amenuna, akaomba aongezwe.

Pale motoni Mayu alimjua mtoto kwa anavyokula. Mtoto mmoja, Rahel, akiwa na miaka tisa, alikuwa anaficha nusu ya ugali ndani ya sketi ya shule. Mayu hakumuuliza mbele ya wenzake. Alimfuata kwao, akawakuta wadogo zake wawili wamefungiwa ndani kwa siku ya tatu, mama yao amelazwa wodini, na jirani wa ukuta mmoja hana habari. Mayu aliwaleta motoni wote, kisha akamwendea yule jirani na kumwambia mambo ambayo hayafai kusomwa mbele ya Padri.

Mwaka 2016 alikuja afisa wa ustawi wa jamii, Bwana Rogasian, mgeni kutoka mkoa mwingine. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na fomu.

"Kituo hiki kimesajiliwa?" aliuliza.

"Kituo gani, baba?"

"Hiki cha kulelea watoto."

"Huu ni uwanja wangu. Kaa, kuna michembe ya viazi vitamu."

"Mama, nimehesabu watoto ishirini na watatu! Wa kwako ni wangapi?"

"Wawili, na wameshaota mvi. Hawa wamekuja kula."

Alimpa siku saba: ajenge vyoo vya wavulana na vya wasichana, atafute mlezi mwenye cheti na anunue kizima moto, au awarudishe watoto kwao.

"Kizima moto?" Mayu alisema. "Baba, moto ndio uliowaleta!"

Hata hivyo alitii. Siku ya saba, saa tisa alasiri, watoto wote waliingia ofisini kwa Bwana Rogasian wameshikana mikono, kila mmoja na sahani yake.

"Ulisema niwarudishe kwao," Mayu alimwambia. "Nimewarudisha. Kwao milango imefungwa. Sasa wewe ndiye serikali, wapikie."

Bwana Rogasian alisimama kutoa karipio. Ndipo alipomwona wa nne kwenye mstari.

"Lucy! Umetokaje nyumbani?"

"Dada ananifungulia geti, Baba, akitaka kuongea na simu."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka," Mayu alimjibia. "Mlenda hapendi. Ila michembe anamaliza yake na ya mwenzake."

Bwana Rogasian alikaa, akaiweka fomu kwenye droo, na haijatoka mpaka leo. Jioni ile alikwenda uwanjani na mkewe Honorata, wakiwa na kuni. Hapo ndipo zilipoanza zamu: kila nyumba yenye mtoto motoni ilipewa siku ya kupika, kukaa na kuwauliza watoto walivyoshinda. Mzazi mmoja alituma unga kwa bodaboda. Mayu aliurudisha kwa bodaboda ileile: "Mwambie nilimwita yeye, sikuuita unga." Jumatano ikawa ya Bwana Rogasian, na watoto walizoea ugali wenye mabonge. Baadaye walikuja watu wa semina kujifunza jambo hili, wakaliandika kwenye karatasi kubwa ukutani. Bibi zetu walilifanya bila karatasi, tukawacheka kwamba ni washamba.

Tangu mwaka 2021 marehemu alisumbuliwa na sukari na presha. Alilazwa hapa Bariadi Jumatatu tarehe 11 Agosti. Jumatano jioni alifumbua macho, akamkuta Bwana Rogasian pembeni ya kitanda na machungwa.

"Leo siku gani?"

"Jumatano, Mayu."

"Umekuja kuniangalia mimi nife, na watoto anawaangalia nani?"

Bwana Rogasian alitoka mbio, akaacha kofia kitandani. Mayu alifariki Alhamisi tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi. Kofia alikuwa ameilalia.

Ameacha watoto wawili, wajukuu saba, kitukuu mmoja na kaka yake Sylvester. Ameacha pia watoto wa motoni, ambao familia ilijaribu kuwahesabu kwa ajili ya ratiba hii ikashindwa. Rahel, ambaye sasa anasomea uuguzi, ni mmoja wao.

Jumamosi ilikuwa zamu ya Mayu mwenyewe, na hakuwahi kumwachia mtu. Jana familia na majirani walikaa kikao cha saa mbili kuhusu jambo hilo. Kila mtu aliusifu moto, hakuna aliyeshika kuni. Mwishowe Sylvester, anayewasomea maneno haya, mwenye miaka sabini na minane, mgongo mbovu na ugali usioaminika, aliomba siku hiyo apewe yeye. Tukitoka makaburini, watoto wanawe mikono kwenye pipa la maji la upande wa kulia. Wanaume wenye mpira wao, moto upo.

Pumzika kwa amani, Nyanjige. Leo zamu ni yangu.