Emiliana Mkude, Mwanafunzi wa Mwaka wa Tatu

Baba Padri, wafiwa, majirani wa mtaa wetu wa Bertrams, nanyi vijana wa chuo mliojaa kanisani, mimi ni Polycarp, mdogo wake marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu kama yalivyokuwa, bila kuyapamba.

Dada Emiliana Damasi Mkude alizaliwa tarehe 3 Agosti 1972, Kihonda, Morogoro, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu Mzee Damasi na Mama Skolastika, akamaliza darasa la saba mwaka 1986 na kidato cha nne mwaka 1990, akitamani ualimu, lakini nafasi ya chuo hakupata, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwelekeza kwingine.

Tarehe 12 Oktoba 1991 alifunga ndoa huko huko Morogoro na shemeji yetu Thabo Sekete, mkimbizi wa Afrika Kusini, na Machi 1993 wakahamia hapa Johannesburg, wakajaliwa watoto wawili, Suzan mwaka 1994 na Tumelo mwaka 1998. Mwaka 1996 alifungua chumba cha kushona sare za shule pale Jules Street, Malvern, na shemeji alipotutoka mwaka 2016, cherehani ile ndiyo iliyoishika nyumba.

Januari 2022 aliingia pale binti aitwaye Héritière, ambaye dada alimshonea sare tangu darasa la kwanza, akaomba kazi ya kushona vifungo. Alikuwa amefaulu vizuri matric, mtihani wa kumaliza sekondari, ila hakuna aliyemwambia kwamba maombi ya chuo hufungwa Septemba ya mwaka uliotangulia. Dada alinisimulia kwa uchungu kwamba alimpima binti yule mabega kila Januari kwa miaka kumi na miwili, asimuulize hata mara moja baada ya sare ataenda wapi. Mwaka ule ule walijaza fomu pamoja, ya binti na ya dada mwenyewe, mimi nikamwambia, "Dada, umri umekwenda, watakucheka," akanijibu, "Wacheke, mradi niko darasani," na Februari 2023 wakaanza ualimu wa chekechea, mmoja ana miaka hamsini, mwingine ishirini.

Mei 2024 Héritière aliacha masomo, kwa kuwa mama yake alimhitaji saluni, na dada, ambaye Machi madaktari walimwambia moyo wake umepanuka, alipanda ngazi hadi nyumbani kwao binti, ghorofa ya saba kule Berea, lifti ikiwa mbovu, akakaa sebuleni mpaka pumzi ikamrudia.

"Mama Suzan, wewe ni mzazi kama mimi, utanielewa," mama wa binti akamwambia.

"Nakuelewa," dada akasema, "lakini leo sikuja kama mzazi. Nimekuja kama mwanafunzi mwenzake, kesho tuna zoezi la wawili wawili, na bila yeye sina mwenzangu."

Wakakubaliana binti asuke nywele Jumamosi na likizo tu, na kesho yake alikuwa darasani.

Tangu hapo dada alimfuata kila mwenzake aliyeanza kupotea darasani, na Jumapili baada ya misa chumba cha kushona kilijaa wanafunzi wa matric, wakijaza fomu juu ya meza ya kukatia vitambaa, Héritière akiwaelekeza. Si wote waliofika, wawili waliacha chuo, akawagongea mlango mara nne na hawakurudi, na jambo hilo lilimuuma.

Septemba mwaka huu miguu ilivimba, akalazwa tarehe 20 Oktoba, na Jumapili tarehe 9 Novemba 2025, saa nne asubuhi, alituaga, Suzan akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wa chuo, wenzake wa Jules Street waliofunga maduka leo, majirani waliotupikia, na mama yake Héritière, aliyekaa nasi msibani wiki nzima.

Kwenu wanafunzi wenzake, siku mbili kabla hajafariki alinipa agizo, nami nalisoma kama alivyolisema: "Nikizikwa Jumamosi, Jumapili wasikae matangani, Jumatatu saa tatu wana mtihani." Basi tukitoka makaburini mle chakula, kisha mwende mkasome, familia haitawahesabia kosa.

Dada yetu, pumzika kwa amani, Jumatatu watakuwepo.