Mistari Mitatu Badala ya Sauti ya Ayeeyo

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Wengi wenu hapa Garissa mnanijua kama fundi wa kompyuta, yule anayewakosoa wenzake hata kabla hawajamuuliza. Leo nimekuja kuwaeleza nilivyopoteza sauti ya mtu ambaye hawezi tena kurekodiwa. Sitataja jina la mtu yeyote, na langu mnalijua.

Kikundi chetu hurekodi nyimbo ambazo watu huimba wakinywesha ngamia. Pale Modogashe tulimpata ayeeyo mmoja, bibi kizee asiyeona, aliyekuwa akivitaja visima kimoja kimoja ndani ya wimbo, hata vile vilivyofukiwa na mchanga. Aliimba nyimbo tatu baada ya adhuhuri. Kesho yake asubuhi, tukifunga mizigo, akaniita niwashe tena kinasa sauti. Akamwombea dua binti yake, anayeuza maziwa ya ngamia pale njia panda. Ilikuwa dua fupi. Binti hakuisikia, alikuwa ameshatoka na mitungi yake.

Tulipompitia binti pale njia panda kumuaga, aliniuliza, "Walaal, ndugu yangu, wewe nachukua sauti ya mama, mimi nabaki na nini?"

Nyinyi mnajua desturi yetu. Ukichukua sauti ya mtu, unawaachia watu wake nakala. Lakini mimi nilikuwa na sheria zangu. Nikamwambia nakala zikizagaa hujui ipi ndiyo yenyewe, na kwamba tuna mfumo unaotunza kila toleo la kazi yetu, kitu kikishaingia humo hakipotei. "Siku yoyote ukiitaka, nitakuletea," nikasema. Dereva wa lori la maziwa alikuwa amechomoa kadi ya kinasa jana yake, nilipokwenda kuswali alasiri, akanakili zile nyimbo kwenye simu yake. Nilipojua nilimgombeza mbele ya watu. Mzee wa makamo yule, na mimi namfokea kwa sababu ya wimbo wa jirani yake mwenyewe.

Sasa nieleze kidogo, wale mnaotumia simu tu mnivumilie. Faili kubwa kama sauti, mfumo wetu huziweka ghala ya pembeni. Mahali pake huacha kijikaratasi cha mistari mitatu, chenye ukubwa wa faili na alama yake ya utambulisho, herufi na tarakimu ndefu. Ukipakia kazi kwenye seva, kijikaratasi na mzigo wake vinatakiwa viende vyote.

Modogashe mtandao ulikuwa unakatika. Mzigo ukifika nusu unaanguka, na kazi yote inakataa kwenda. Nikatafuta amri ya kuzima upakiaji wa faili kubwa, nikaiandika, kila kitu kikapita mara moja. Nikajiambia mzigo nitaupakia nikifika Garissa. Nilipofika nikafungua seva, nikaona majina ya nyimbo zote yamejipanga vizuri. Nikasahau kabisa. Baada ya wiki kompyuta ikajaa, nikaifuta folda nzima nikijua nitaishusha tena. Kadi ya kinasa nilikuwa nimeshaisafisha kwa safari ya Hulugho.

Ndugu zangu, nawaambia, nilipofuta nilijisikia mtu mwenye nidhamu.

Kisha binti akanipigia simu. "Mama nimezika jana. Sasa leta ile sauti." Nikampa pole, tukasema inna lillahi, nikamwahidi siku hiyo hiyo. Nikashusha folda. Nikabonyeza wimbo wa kwanza, programu ikaniambia hii si faili ya sauti. Wa pili, vilevile. Nikabadilisha programu. Nikabadilisha mtandao. Nikaondoa mfumo wote na kuuweka upya. Nilishinda siku tatu nikilaumu mtandao, seva, hata joto. Binti akipiga, nilikuwa siipokei. Hilo naona aibu kulisema kuliko yote.

Mwenzangu mmoja kikundini, dada mtaratibu sana, ndiye aliyeangalia ukubwa wa ile faili. Ilikuwa ndogo kuliko ujumbe wa simu. Akaifungua kama maandishi, tukaona mistari mitatu. Akaiamuru seva ilete mzigo, seva ikajibu haina kitu kama hicho. Akanigeukia. "Kule Modogashe ulizima nini?"

Nilikaa chini pale sakafuni, na nililia.

Siku iliyofuata nilikwenda Modogashe mwenyewe. Nilimkuta binti ana wateja, nikangoja wakaondoka, nikamwambia ukweli wote, na ile dua pia, kwa sababu alikuwa hata hajui ipo. Alichukua mtungi ambao ulikuwa tayari msafi, akaufuta. Halafu akasema, "Enda kwa dereva. Ile mtu uligombana na yeye."

Dereva hakunisimanga. Alikuwa chini ya lori, akatoka, akapangusa mikono, akanipa kadi ya simu yake. "Mimi nasikiliza hii kila safari," akasema. "Wewe ulifikiri naiba?"

Nilirudi nayo Garissa. Yule dada akaitoa alama ya kila wimbo, tukailinganisha na ile ya kijikaratasi, yeye anasoma, mimi nafuata kwa kidole, kama mtoto anavyosomeshwa majina ya babu zake. Zote tatu zililingana hadi herufi ya mwisho. Tukapakia mzigo wenyewe, tukaushusha kwenye kompyuta nyingine, ayeeyo akaimba. Binti nilimpelekea nakala zake kwa mkono wangu.

Lakini dua ilirekodiwa asubuhi, na dereva alinakili jana yake alasiri. Haikurudi.

Nawashukuru hawa watatu. Dada aliyeniuliza swali moja tu. Dereva, ambaye nimemwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimgombeza. Na binti, ambaye angeweza kunifukuza. Nanyi mnaotunza kazi za watu, jina kwenye orodha lisiwatulize. Kabla hujafuta, shusha mahali pengine, fungua, sikiliza. Na mwenye sauti akiomba nakala, mpe kabla hujaondoka kwake.

Kijikaratasi cha ile dua sijakifuta, kiko pale na mistari yake mitatu. Kila nikipita Modogashe nashuka, na binti bado ananiuliza kama imepatikana. Namwambia haijapatikana. Halafu ananiambia nikae, nimwambie tena mama yake alisema nini, nami namwambia yale ninayoyakumbuka, na kila mara yanakuwa machache zaidi.