Matofali ya Januarius Nkwabi

Wafiwa, majirani wa Ngulyati, nanyi mlioacha mashamba kuja kumsindikiza, historia hii inasomwa na Mihayo Bundala, mdogo wa marehemu, kwa niaba ya familia.

Marehemu Januarius Nkwabi alizaliwa hapa Ngulyati tarehe 19 Septemba 1908, mtoto wa tatu wa mzee Bundala na mama Nkinda, akasoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akamaliza mwaka 1924, kisha akachunga ng'ombe wa baba yake, kazi ambayo, tuseme ukweli, ng'ombe ndio waliomchunga yeye.

Tarehe 2 Mei 1930 aliajiriwa kuchochea moto wa boila, tangi la mvuke wa kuendeshea mashine, katika kiwanda cha kuchambua pamba, na tarehe 7 Januari 1933 alifunga ndoa na Maximiliana, mfinyanzi wa Nkoma, wakajaliwa watoto watatu, Apolonia, Joakim na Felisita.

Mwaka 1951 ililetwa boila kubwa zaidi, na moshi wake wa moto ukawa unapiga pahali pamoja tu kwenye ukuta wa dohani, mnara wa kutolea moshi, ukuta ukapasuka, na tarehe 11 Julai 1952 cheche zikaunguza ghala la pamba. Msimamizi aliagiza ukuta uongezwe unene, ukapasuka tena. Nkwabi alirudi nyumbani amenuna, akamkuta mkewe akichoma vyungu, naye akamweleza kwamba chungu kinachopigwa na ulimi wa moto pahali pamoja hupasuka hata kiwe kinene namna gani, ila moto ukitandazwa hupoa. Basi alichimba mfereji pembeni mwa dohani, akaugeuzia moshi humo, akautandaza juu ya matofali yaliyolazwa mshazari, yaliwe na moto badala ya ukuta, na sharti yabadilishwe kila baada ya Jumamosi mbili. Watani walimwita mpishi wa matofali, lakini ghala halikuungua tena.

Kifua kilimwanza Machi 1957, na kitandani hakuna mgeni aliyeketi bila kuulizwa habari za matofali. Jumamosi iliyopita, tarehe 9 Agosti 1958, Mihayo alimwambia yamebadilishwa, kumbe hakuwa amekanyaga kiwandani, alikuwa akivuna pamba yake. Marehemu alimshukuru, akalala, na Jumatatu alfajiri akafariki. Mihayo anaona aibu kubwa, na wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.

Jana wenzake walizima boila kwa ajili ya msiba, Mihayo na Joakim wakaingia mferejini, wakakuta matofali mawili yamebaki unene wa kidole, wakaweka mapya.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani walioleta kuni, maji na unga, na wafanyakazi wenzake, ambao kuanzia sasa watamwona Joakim mferejini.

Kaka, sasa yamebadilishwa kweli. Pumzika kwa amani.